Kwa Evanthia Hakuna Kuagiza

Prodromos hakuwa na mke tena, hakuwa na simu, hakuwa na meno ya kutafunia upande wa kushoto, na tangu astaafu kuendesha winchi bandarini hakuwa na mahali ambapo mtu angemuuliza kwa nini amechelewa, isipokuwa mahali pamoja. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa; alikuwa na wa ubatizo tu, naye alikuwa Melbourne. Gari hakuwa nalo wala hakulitamani. Lakini alichokikosa kuliko vyote, na ambacho siku hiyo alikihitaji kuliko hata hayo meno, ni uso mkavu. Hakuweza kumtazama mtu mwema machoni na kumwambia neno baya.

Neno lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, ndani ya bahasha yenye mistari ya bluu na nyekundu pembeni. Iordanis, mwanawe wa ubatizo, alikuwa ameandika kurasa mbili, na nusu yake ilikuwa salamu. Nusu iliyobaki ilisema kwamba jengo la duka la mamake, ambalo mama huyo aliliandikisha kwa jina la mwanawe siku alipooa, limepata mnunuzi. Mnunuzi atalibomoa ajenge vyumba vya kupangisha wageni wa kiangazi. Iordanis alikuwa anaishi na mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja juu ya karakana, na mdogo wao kifua hakimpi nafuu.

“Mama hajui,” aliandika. “Mwambie wewe, baba. Mimi nikisikia amelia nitaacha yote, najijua. Mwambie, kisha niandikie amelipokeaje. Sitatia saini mpaka nipate barua yako.”

Iordanis hakuwa mtoto mbaya. Hilo ndilo lililomkata Prodromos nguvu. Mtoto mbaya angejua namna ya kumjibu.

Aliingia dukani saa sita mchana, wakati watu wa Volos wanapoanza kunywa tsipuro yao, pombe kali ya zabibu, akakuta meza sita kati ya nane zimejaa. Meza yake ya dirishani ilikuwa tupu, kama ilivyokuwa kila siku tangu amzike mkewe, maana hakuna aliyethubutu kuikalia.

Evanthia alitokeza kutoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye ndala za kitambaa na nywele zilizofungwa kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda.

“Umechelewa, kumbare,” alisema. Ndivyo anavyoitwa mtu aliyekubatizia mtoto, na tangu ubatizo ule hajawahi kumwita jina jingine. “Nilishaanza kuwaza nani atakuosha.”

“Bado nipo. Evanthia, nina neno.”

“Neno halina miguu, halitakukimbia. Kaa. Na anisi au bila?”

“Bila.”

Hilo ndilo swali pekee lililokuwa likiulizwa mle ndani. Kwa Evanthia huagizi chakula. Unaagiza chupa, ile ndogo inayojaza glasi mbili, na kinachokuja nayo ni hiari ya nyumba. Chupa ya kwanza huja na vitu vya kuamsha ulimi. Ya pili huja na kilicho bora kuliko cha kwanza, ya tatu bora zaidi, na wapo wazee walioapa kwamba chupa ya saba huja na kitu ambacho hawawezi kukieleza, ingawa ukiwauliza sana unagundua hawakumbuki. Mgeni akiuliza leo kuna nini, meza za jirani huinamisha vichwa kwa kumwonea aibu.

Chupa ya kwanza ililetwa pamoja na zeituni, machipukizi ya mwituni yaliyolowekwa kwenye siki, na kipande cha samaki mkavu aliyebabuliwa juu ya mkaa.

“Prodromos,” aliita Manthos kinyozi kutoka meza ya pili, “leo umejinyoa kwa panga?”

“Ningekuja kwako, ila masikio yangu bado nayataka.”

Watu walicheka. Prodromos alikunywa glasi zote mbili, akajipa moyo, akapapasa mfuko wa ndani. Alipanga kuiweka barua mezani, halafu Evanthia akiiona atauliza mwenyewe, na mtu akiuliza ni rahisi kumjibu. Meza ilikuwa ndogo. Aliinua chupa tupu ili apate nafasi.

Kwa bahati mbaya, duka lile na maduka yote ya mji ule yana lugha moja: chupa tupu ikiinuliwa, maana yake leta nyingine. Kabla hajaitua, Evanthia alikwisha mwona kupitia kidirisha cha jikoni, na mafuta yakaanza kulia kwenye kikaango.

“Sikuagiza,” alisema ilipofika.

“Mkono wako umeagiza.” Aliweka sahani ya dagaa wa kukaanga, na nyingine ya dengu zilizopondwa zikamwagiwa vitunguu. “Kula vikiwa moto.”

“Evanthia, sikiliza kwanza.”

“Dagaa hawasikilizi. Wakipoa wanakuwa kamba za viatu.”

Akala. Walikuwa watamu kiasi cha kumfanya mtu ajichukie. Kila alipomtafuta Evanthia kwa macho alimkuta ameinama kwenye meza ya mtu mwingine, akichukua sahani, akimkaripia mmoja kwa kuacha mkate. Kwa mara ya kwanza Prodromos aliutazama ukuta wa dirisha lake, uliopakwa chokaa juu ya chokaa mpaka umeota matumbo. Haukuwa na uzuri wowote. Alijaribu kuwazia dirisha lile bila ukuta, akashindwa kujua yeye mwenyewe angekuwa ameketi wapi.

Alipomaliza, alijisogeza, akamshika Evanthia upindo wa aproni alipopita. “Ni habari ya Iordanis.”

“Mzima?”

“Mzima.”

“Basi haina haraka.” Akajichomoa.

“Ya tatu ni yangu,” alitangaza Manthos. “Mpelekee. Mtu mwenye sura kama hiyo hanywi kwa pesa zake.”

Tsipuro ya kupewa haikataliwi. Ukiikataa umemtukana mtoaji, na utapita mwaka mzima ukinyolewa na mtu mwenye kinyongo na wembe. Prodromos aliinua glasi kuelekea meza ya pili, akainywa, akaletewa kome waliopikwa na wali. Alikuwa na desturi ya kuishia chupa ya pili. Sasa shingo ilikuwa inapata joto, na maneno aliyoyapanga njiani yalianza kubadilishana nafasi.

Ya nne hakujua imeagizwa na nani. Ilikuja na pweza wa kuchoma, mkono mzima, uliokatwakatwa kama anavyokatiwa mtu asiye na meno ya kushoto. Alipoona vile vipande vidogo, macho yalimchoma. Aliinamisha kichwa akatafuna upande wa kulia, polepole, akijisikia kama mtu aliyetumwa kumkamata mwenye nyumba, naye mwenye nyumba anamwongezea mchuzi.

Watu walianza kuondoka, mmoja mmoja, wakienda kulala usingizi wa mchana. Manthos alikuwa wa mwisho.

“Mwache alale hapo hapo, Evanthia,” alisema mlangoni. “Mfunike kitambaa cha meza.”

“Nenda zako, nawe ukalale. Mkeo ana haki ya saa moja ya ukimya.”

Alipokwenda, Evanthia alirudishia mlango na kuvuta pazia. Kisha akafanya jambo ambalo Prodromos hajawahi kuliona mle ndani. Alivuta kiti, akaketi mezani kwa mteja.

“Haya,” alisema. “Itoe.”

“Nitoe nini?”

“Barua. Tangu uingie umeshika kifua kama mgonjwa wa moyo.”

Prodromos alitoa bahasha, akaiweka mezani.

“Kwaresima alikuja mwanamume mmoja,” Evanthia aliendelea, akizikusanya sahani huku ameketi, mikono isijue kutulia. “Alikula vizuri. Nilimfikisha mpaka kwenye kamba wa kukaanga. Halafu akasimama, akagonga ukuta kwa kidole, pale, na pale. Mtu anayegonga ukuta hakuja kula. Nikamuuliza nani kakuelekeza huku. Akasema rafiki, yuko Australia. Mimi nina watu wangapi Australia, kumbare?”

“Ulijua. Na umeniacha nimekunywa chupa nne.”

“Ulitaka useme mbele ya Manthos? Kufikia jioni kila kidevu cha mji huu kingekuwa kimenyolewa kwa habari zangu. Nilikulisha ili unyamaze. Soma.”

Alimsomea, kama alivyomsomea barua zote za Iordanis, kwa kuwa Evanthia alijua kuandika jina lake tu. Alisoma salamu zote, hakuruka hata moja. Alipofika kwenye kile chumba juu ya karakana, Evanthia alimsimamisha.

“Rudia hapo. Wanalala wangapi?”

“Watano.”

“Na huyo mdogo anakohoa.”

“Ndivyo alivyoandika.”

Alipomaliza, Evanthia alirudi kwenye sahani zake, akazipanga moja juu ya nyingine. Nje pikipiki ilipita, glasi zikatetemeka kidogo rafuni, zikatulia.

“Umesikia alivyosema,” Prodromos alianza. “Ukilia, ataacha. Kaandika mwenyewe kwa mkono wake.”

“Nimesikia.”

“Basi lia, Evanthia.”

“Nikilia ataacha, halafu? Kila usiku akiwahesabu wanawe kitandani atanikumbuka mimi na masufuria yangu. Hapana. Lete karatasi. Ziko kwenye droo, chini ya leso.”

“Utakwenda wapi?”

“Kwa dada yangu, kule mjini Larisa. Ana chumba. Ana mdomo mrefu pia, lakini chumba anacho.”

“Huwezi kuishi na dada yako. Mwaka ule wa harusi yake mlikaa siku mbili mkarushiana mto.”

“Tulikuwa vijana. Sasa mto hatuuwezi.”

Prodromos alitafuta neno zito, la kumgeuza. Aliwahi kusoma shule ya usiku, ya wafanyakazi wa bandari, miaka minne bila kukosa, akajifunza kuandika barua za kila namna: ya maombi, ya malalamiko, ya rambirambi. Maneno aliyafahamu. Lakini lililomtoka halikuwa mojawapo ya hayo.

“Na mimi nitakula wapi?”

Alitamani meza immeze. Kumbe tangu asubuhi, chini ya huruma yote aliyoibeba, hilo ndilo lililokuwa limejificha. Sasa hakujua tena anamtetea nani.

Evanthia hakukasirika. Alicheka kwa pua, kidogo.

“Nilikuwa nalingoja hilo. Nilisema, hachomoki chupa ya nne bila kulitoa. Utajifunza kukaanga mayai, kumbare. Si kazi ya kuendesha winchi.”

“Nitaunguza.”

“Utaunguza, utayala. Miaka yote nawaambia watu humu hakuna kuchagua, mtu ale kilicholetwa. Leo nimeletewa mimi, nikunje uso? Andika.”

Aliondoa sahani ya mwisho, akapangusa meza mara mbili, akamwekea karatasi na kalamu. Kisha akasimama karibu yake, mikono kiunoni, kama anayesubiri chungu kichemke.

“Mwanangu Iordanis,” alisema. “Mama amefurahi. Miguu inamuuma, alikuwa anangoja mtu wa kumwambia apumzike. Uza.”

Prodromos aliandika *Mwanangu Iordanis*. Kalamu ikasita. Mwanamke huyu hawezi kusoma. Angeweza kuandika lolote, kisha akamsomea yale aliyoyasema, na hakuna duniani ambaye angejua mpaka majibu yaje. Aliandika kwa haraka, kichwa chini, kama kijana anayeiba matunda: *Mama yako hasemi kweli. Nakusihi usitie saini. Duka hili ndilo*

“Simama hapo,” alisema Evanthia.

Kalamu ikasimama.

“Mimi nimesema maneno machache. Mbona wewe uko mstari wa tatu?”

“Maandishi yangu ni makubwa.”

“Maandishi yako ni madogo kama sisimizi. Umejisifu nayo tangu nikujue.” Alinyoosha mkono. Aliichukua karatasi bila ugomvi, kama anavyochukua sahani, akaenda nayo jikoni. Kwa kidirisha Prodromos aliiona ikijikunja juu ya mkaa. Akarudi na nyingine.

“Nitasema polepole,” alisema. “Neno moja, kalamu moja. Mwanangu.”

Akaandika *Mwanangu*.

“Iordanis.”

Akaandika. Ikawa hivyo mpaka neno la mwisho, naye jasho likamtoka chini ya kola, mkono ukitii kila alichoambiwa, kama ule wa mtoto anayeshikiwa na mwalimu. Mwishoni Evanthia aliichukua kalamu, akachora jina lake chini, herufi moja moja, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Chozi hakuwa nalo. Prodromos alimchungulia usoni kulitafuta. Lingetoka hata moja, angelitaja kwenye barua. Halikutoka.

Aliikunja karatasi. Alipojaribu kulamba gundi ya bahasha, mdomo ulikuwa mkavu kwa tsipuro, ikagoma kushika.

“Lete,” alisema Evanthia. Akailamba mwenyewe, akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja juu ya meza, kwa uzito wake wote, kama anayebana ukingo wa pai. Stempu alikuwa nazo tayari, kwenye droo ile ile. Alizinunua lini, Prodromos hakuuliza.

Sanduku la posta, la manjano, lilikuwa ng'ambo ya barabara, na jua la mchana lilikuwa limefukuza kila mtu. Alivuka taratibu, miguu ikiwa mizito kwa chupa nne. Alifika, akaiingiza bahasha nusu katika tundu, akaishikilia. Mfuko wa koti ulikuwa wazi. Angeweza kuirudisha humo, akamwambia imekwenda.

Aligeuka kutazama. Evanthia alikuwa amesimama mlangoni, pazia limemwangukia begani, akimwangalia. Mkononi alikuwa na chupa tupu, pengine ile ya nne, aliyokuwa akienda kuiosha. Akaiinua juu, ili aione vizuri.

Prodromos aliielewa lugha ile: leta kinachofuata. Alifungua vidole, na barua ikagonga chini, ndani ya sanduku.