Deki Kila Siku

Saa mbili asubuhi Elina alimwaga ndoo ya tatu ya maji ya sabuni kwenye sakafu ya mbao inayozunguka bwawa la kuogelea, katika hoteli moja ya Kitendaguro. Ubao wa kwanza ukakohoa. Elina akaupa pole, akaendelea kusugua.

Mbao zilikuwa zikikohoa tangu Pasaka na wageni walikwishazoea. Mwenye hoteli, Mzee Rugaibula, ndiye ambaye hakuzoea, maana zilikuwa pia zinapinda na kuota uyoga. Siku hiyo alimwita Joanitha, fundi aliyezipigilia, akamwalika na Lwakatare, katibu wa kigango kimoja cha Kashozi, aje ajionee. Kigango kilikaribia kumpa Joanitha kazi ya mabenchi arobaini. Rugaibula alisema kunyamaza kungekuwa dhambi.

Joanitha hakubishana naye. Alivua kandambili, akachuchumaa, akaziuliza mbao zenyewe kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, mnaumwa nini?"

Zilijibu kwa zamu, kwa adabu. Wa kwanza ulisema ni maji ya sabuni. Wa pili ulichubuliwa na dawa ya bwawa. Wa tatu ulilalamikia viti vya chuma, hasa cha bwana mmoja anayefuata kivuli bila kunyanyua kiti. Wa nne ulisema haujaonja mafuta tangu uzaliwe ubao. Lwakatare aliandika yote.

"Haya maji aliagiza nani?" Joanitha aliuliza.

Elina akaleta karatasi iliyobandikwa jikoni. Joanitha alikuwa ameacha maelekezo kwamba deki, yaani hiyo sakafu ya mbao, ikaguliwe kila siku na ipakwe mafuta kila baada ya miezi sita. Rugaibula, asiyependa maneno mengi, aliyafupisha: DEKI KILA SIKU.

"Nikapiga deki," Elina alisema. "Kwani deki hufanywa nini kingine, mzee?"

Lwakatare alicheka mpaka miwani ikatumbukia bwawani.

"Nilikuomba miezi mitatu mbao zikauke, ukanipa wiki," Joanitha alimwambia Rugaibula. "Na Kiswahili nacho umekikata kibichi."

"Kibichi kweli," ulisema ubao wa mwisho, ulio karibu na ngazi. "Mimi ni mti wa msizi, wa kibanja cha Getruda, shamba lake la nyumbani kule Nshamba. Shemeji yake, huyu huyu Rugaibula, alinikata matanga ya mumewe hayajaanuliwa."

Rugaibula alisema hayo ni mambo ya ukoo. Lwakatare alifunga daftari, akaomba chai.

Joanitha alipewa mabenchi yote arobaini. Elina siku hizi hupaka mafuta, na kikohozi kimekwisha. Ubao wa mwisho tu ndio haujanyamaza, ingawa Rugaibula aliutandikia mkeka, kisha akaukalishia chungu cha maua. Kila mgeni anayeukanyaga humwambia kwa sauti nzuri, "Mimi ni wa Getruda."

"Msalimie sana, waitu," hujibu wageni, watu waliolelewa vizuri, kisha hujirusha majini.