Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Shemeji yangu ana digrii mbili, na zote mbili hazijamfundisha kuomba radhi. Yeye ndiye mhandisi wa karakana yetu, mimi ni mchomeleaji, na dada yangu, mke wake, ndiye karani. Asubuhi ile alinisukumia karatasi juu ya meza ya kazi, Bosi akiwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Tia sahihi," aliniambia. "Inasema maungio yako kwenye mguu wa nyuma wa kushoto ni mabovu. Saini, uondoke kimyakimya. Wageni wa kuiona roboti wanafika saa nane."

Niliisoma mara mbili huku damu ikinichemka. Roboti yetu ya miguu minne, ya kupandisha mizigo kwenye ngazi, ilikuwa imeanguka mara kumi na moja, kila mara upande huohuo. Mchomeleaji akishasaini karatasi ya namna ile, hakuna karakana itakayompa hata geti la kuziba.

Tena huo haukuwa mguu wa kwanza kunibambikia. Miezi miwili kabla, shemeji aliazima mbuzi wa mama ili apime mwendo wake kwa ajili ya roboti. Mbuzi mwenyewe tulimwita Bi Harusi, kwa jinsi alivyokuwa akitembea kwa maringo. Alimfunga kwenye ua wa nyuma wa karakana, anapoegesha gari lake, na ufunguo wa ua alikaa nao yeye. Mimi nilikuwa safarini wiki mbili, nikichomelea matangi. Siku niliyorudi, Bi Harusi akarudishwa kwa mama akichechemea, na shemeji akaapa kwamba amenishuhudia nikimrushia kipande cha chuma kwa sababu alitafuna glavu zangu. Glavu alitafuna kweli. Chuma sikurusha.

Mama alimwamini mkwe msomi. Tangu hapo nikimpigia simu ananiuliza, "Unataka nini?" kisha ananyamaza mpaka nikate mwenyewe. Mama aliyekuwa haishiwi maneno.

"Iwasheni mara moja nikiwepo," nilimwambia Bosi. "Maungio yangu yakiachia, nasaini."

Shemeji alicheka kwa pua. "Utaangalia nini wewe? Hizi ni hesabu. Nilimbandika mbuzi vibandiko kwenye viungo, nikamrekodi akitembea, kompyuta ikasoma kila pembe, na mota zinafuata hivyohivyo. Mwendo hauna kosa."

"Ulimrekodi akiwa mzima?"

"Mzima kabisa. Kabla hujamvunja."

Nilimtazama Bosi. Alikuwa amesikia vizuri.

Roboti ikawashwa. Nilipiga magoti nikaangalia miguu yake na si uso wa shemeji, maana ule ningeuzaba kofi. Miguu mitatu ilikuwa inakaa sakafuni kwa raha zake. Wa nne uligusa tu ukainuka haraka, kama umekanyaga kaa la moto. Maungio mabovu yangelegea au yangepasuka, na haya hayakuwa na hata ufa. Mguu ulikuwa unaikwepa sakafu. Hatua ya sita, roboti ikalala ubavu.

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda upya. Mbuzi anayeumwa mguu wa nyuma huinamisha kichwa kila anapoukanyaga, ili uzito uhamie mbele. Ndiyo maana Bi Harusi haanguki. Roboti ilikuwa imepewa mguu mbovu wa mbuzi bila kichwa cha kuupunguzia uzito, maana shemeji aliona kichwa hakibebi mzigo.

"Iinueni tena," nilisema.

Safari hii nilitangulia mbele yake, nikirudi kinyumenyume, nikaibonyeza kifua chini kila mguu ule ulipotua. Haikuanguka. Ilivuka karakana nzima, kutoka kwenye mashine ya kukatia hadi mlango wa ofisi, ikichechemea. Dada akatoka na mafaili ya wageni kifuani.

"Jamani! Si Bi Harusi huyo!" akasema akicheka.

Hakuna mwingine aliyecheka.

"Ni yeye," nilisema. "Na anachechemea, kwa hiyo alirekodiwa akiwa ameshaumia. Bosi, rekodi ile ina tarehe gani?"

Bosi aliinama kwenye kompyuta. "Tarehe nne."

"Nami nilirudi lini?"

"Tarehe tisa," alijibu taratibu. "Nilikutuma mwenyewe."

Shemeji alifungua mdomo. Dada akamwahi.

"Tarehe tatu ulirudi nyumbani na bampa ya nyuma imebonyea. Uliniambia umegonga nguzo."

"Nilikuwa narudi nyuma, sikumwona! Ni mbuzi tu!" alipaza sauti. "Mnataka nife kwa ajili ya mbuzi? Ningemwambia nini mama yenu?"

"Kwa hiyo ukamwambia ni mimi," nilisema.

Bosi alichukua ile karatasi mezani, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Wageni ni saa nane," alisema. "Fundi, ichomelee kitu cha uzito pale mbele. Kinachoinama."

"Nitachomelea. Kwanza kuna simu."

Nilipiga palepale, nikaiweka kwenye spika. Iliita sana. Karakana nzima ilisikia mama akipokea, kwa ile sauti aliyoniwekea miezi miwili.

"Unataka nini?"

Nilimsogezea shemeji simu mdomoni.

"Mjibu," nikamwambia.