Mkoba wa Mkono Mmoja

Kwa miaka yote ya ndoa yao Chausiku aliiita ile filimbi ya mumewe mke mwenza, na wala hakuwa akitania sana. Ilikuwa inalala sebuleni juu ya kabati, inapakwa mafuta ya nazi kila Ijumaa, inapelekwa harusini wakati yeye amebaki na masufuria. Kama huyo si mke mwenza, basi ni nani? Na mumewe Twalib akirudi kutoka kwenye shughuli zake, akifika kona ya duka la mkaa alikuwa anasimama anapuliza sauti tatu, mbili fupi na moja ndefu, eti mkewe ajue amefika amfungulie mlango. Mtaa mzima pale Keko ukajua Twalib kaingia.

"Mlango una komeo na una ubao wa kugonga," Chausiku alikuwa akimwambia. "Huwezi kupiga hodi kama watu?"

Yeye anacheka tu, anampita na filimbi yake kwapani, imeviringishwa gazeti.

Sasa filimbi hiyo haipo. Mwaka jana, akiwa anatoka kwenda mazoezini, kiharusi kilimwangusha hapo hapo kizingitini, na filimbi ya mpingo ikapasuka chini yake. Mguu ulirudi kiasi, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kushoto haukurudi. Daktari alisema tumwombe Mungu, na Chausiku akaelewa maneno hayo yana maana gani yakisemwa na daktari.

Mtoto wao Farhan, anayefanya kazi Mwanza, akaja likizo na filimbi nyingine. Ilikuwa ya plastiki, imepakwa rangi ya mbao mpaka na mistari yake, na hii hailazwi mdomoni kama ile ya zamani, inapulizwa kwa ncha ikiwa imesimama. Twalib akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema hilo ni bomba la sinki. Chausiku, kwa gubu lake, akasema moyoni basi, mke mwenza kafa na kazikwa.

Haikupita wiki akaisikia. Alikuwa jikoni, akachungulia. Twalib amekaa kitini, ameshika bomba la sinki kwa mkono wa kulia peke yake, vidole vitatu kwenye matundu matatu ya juu, yale ya chini kayaacha wazi. Wimbo mzima haukutoka, lakini kipande kilitoka, na kilikuwa kipande kizuri. Chausiku akajikuta amesimama na mwiko unadondosha mchuzi, anafurahi, na akajishangaa kwamba anafurahi.

Wenzake Twalib, wapiga taarabu wa zamani, walikuwa bado wanakutana Jumamosi baada ya alasiri barazani kwa Marselino, mpiga fidla, mtaa wa pili nyuma ya mafundi seremala. Marselino aliposikia habari za filimbi mpya akatuma salamu: njoo hata na sauti tatu, sie wenyewe tumebaki nazo chache. Twalib akaoga, akavaa koti, akaitumbukiza filimbi mfukoni, akatoka. Kona hakuifikia. Mfuko wa koti ulikuwa mfupi, filimbi ikachomoka ikaanguka mchangani. Mkono wa kulia una fimbo, wa kushoto haushiki kitu, na kuinama hawezi. Akasimama pale anaitazama mpaka mpita njia mmoja akamwokotea. Akaipokea, akashukuru, akageuza akarudi nyumbani.

"Nitakubebea mie," Chausiku akasema.

"Halafu? Nikae katikati ya wenzangu niite, Mama Farhan njoo unitolee?" Twalib alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. "Nitakwenda siku nikiweza kuibeba mwenyewe na kuitoa mwenyewe. Vinginevyo wasinisubiri."

Aliyasema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Chausiku. Hasira za mumewe alizijua tangu ujana na dawa yake anayo. Lakini mtu anayejitoa polepole, leo haendi barazani, kesho haendi msikitini, kesho kutwa hataki hata kufunguliwa dirisha, huyo utamfanyaje? Aliogopa. Aliona anampoteza akiwa hai, amekaa pale pale mbele yake.

Basi, jamani, asubuhi yake mwanamke aliyeichukia filimbi maisha yake yote akajifunga ushungi, akatoka kwenda kuitafutia mkoba.

Alianzia kwa Kutbuddin, kwenye duka la vyombo vya muziki lenye meza ya kioo. Kutbuddin alikuwa mtu wa makamo, mpole, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imekaa sawasawa. Akamtolea kasha gumu jeusi, ndani limewekwa kitambaa laini chekundu, kufuli zake mbili zinang'aa. Chausiku akaingiza mkono wa kushoto ndani ya ushungi, akajaribu kulifungua kwa wa kulia. Kasha likateleza juu ya kioo. Akalifuata. Likateleza tena mpaka kwenye kikokotoo cha mwenye duka.

"Mama, mkono una nini?" Kutbuddin akauliza.

"Hauna kitu. Umepumzika."

Kutbuddin akaangalia ule ushungi, akaangalia kasha, hakuuliza zaidi. Akatoa mkoba wa zipu. Chausiku akavuta zipu, mkoba mzima ukaja nayo. Akaubana kwa kiwiko, zipu ikafika katikati ikagoma. Bei yake nayo, alipoisikia, akaurudisha mezani taratibu kama yai.

"Huyo mwenye filimbi," Kutbuddin akasema, "ataifungua amekaa au amesimama? Maana akiwa amekaa ana mapaja. Akisimama hana pa kuuweka."

Chausiku hakujua. Alilala na mtu huyo kitanda kimoja, akamvisha, akamlisha alipokuwa hoi, na hakujua anafungua vitu vyake akiwa amekaa au amesimama.

"Ukishajua, njoo," Kutbuddin akasema. "Ila nisikudanganye, kama anasimama, dukani kwangu hamna wake."

Alipita pia kwenye mitumba, akapewa mfuko wa mwamvuli kwa bei ya kumwonea huruma, akarudi nao nyumbani. Twalib alikuwa amelala usingizi wa mchana. Chausiku akajifungia jikoni. Akachukua kanga kuukuu, akaufunga mkono wa kushoto kiunoni kwake barabara, akatia mwiko ndani ya ule mfuko ndiyo filimbi, akaning'iniza begani, akashika ufagio ndiyo fimbo. Akaanza kazi.

Mwiko ulipovutwa, mfuko ulikuja nao. Akauvuta tena, mfuko ukamfika kidevuni. Ufagio ukaanguka, na akiinama kuuokota mfuko ukamteleza kichwani. Akakaa chini akacheka peke yake, kisha kicheko kikaisha. Akasema ngoja nipumzike ninywe chai, huku mkono ukiwa umefungwa vile vile. Akamimina. Akataka kurudishia kifuniko cha chupa ya chai, akazungusha kifuniko, na chupa yote ikazunguka. Akajaribu tena, chupa ikazunguka tena.

Hapo akakumbuka. Asubuhi ile ile, kabla hajatoka, alikuwa amemgombeza Twalib kuhusu chupa hiyo. Kila siku anaiacha wazi, chai inapoa, huo ni uvivu gani, mkono mmoja si bado anao? Na Twalib hakumjibu neno. Chausiku akaitazama ile chupa, akajionea haya mpaka masikio yakamwaka. Alimhurumia mumewe, lakini haya ndiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mwaka mzima alikuwa anamsaidia mtu bila kumuuliza chochote. Angeulizaje? Mtu mzima humuulizi anashindwa nini. Unajifanya huoni, ndiyo heshima yenyewe.

Mlango wa jikoni ukasukumwa kwa ncha ya fimbo. Twalib akasimama hapo. Akamwona mkewe sakafuni, mkono umefungwa kanga, mfuko wa mwamvuli shingoni, mwiko unachungulia.

"Umepatwa na nini wewe?"

"Nakuiga," Chausiku akasema, kwani uongo wa kufaa haukumjia.

Chausiku akasubiri amkasirikie. Badala yake mzee akasogea, akaegemea meza.

"Chupa unaibana hapa," akasema, "kati ya tumbo na meza. Ndiyo haizunguki. Ila inataka uwe na subira, na chai yenyewe ya moto."

"Mbona hujaniambia?"

"Hujaniuliza."

Akamuuliza, basi. Walikaa jikoni mpaka adhana ya alasiri, akiuliza hili na lile, na Twalib akionyesha. Akisimama, fimbo anaiegemeza pajani, hivi, ndipo mkono unakuwa huru. Vitu vya kuvuta vinamshinda kwa kuwa vinafuata. Kitu kikiwa kimefungwa kwenye mwili hakifuati. Na kidole gumba chake kina nguvu, chochote kinachobanduliwa kwa kidole gumba anakiweza. Kumbe mtu alikuwa na elimu nzima kifuani, na hakuna aliyeitaka.

Kesho yake Chausiku akaenda kwa Gozbert, fundi wa makochi kando ya barabara, kijana wa Kihaya mwenye misumari mdomoni muda wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka unishonee kitu kama podo, lile la mishale. Kigumu, kisijikunje. Mdomo mpana. Kamba ya kupita begani, na huku chini kitanzi cha kuingia kwenye mkanda wa suruali. Kifuniko kiwe cha ile ya kubandua na kubandika, ya viatu vya watoto."

Gozbert akatema misumari. "Bimkubwa, unaenda kuwinda?"

"Naenda kumtoa mtu nyumbani."

Gozbert akakata kadibodi nene, akaifunika kwa mabaki ya ngozi bandia ya kochi la mteja. Mabaki yaliyokuwepo yalikuwa ya zambarau, zambarau inayowaka, hakuna mengine. Kwa hela ndogo aliyoomba fundi, Chausiku hakuwa na ubavu wa kuchagua rangi.

Twalib alipoletewa mkoba akaushika, akaugeuza.

"Unanivisha kochi," akasema.

"Kochi la mke mwenza. Jaribu."

Jumamosi ilipofika Twalib akavaa peke yake. Alichukua muda. Aliegemea ukuta, akapitisha kamba kichwani, ikanasa sikioni, akaishusha, ikanasa tena. Chausiku alikuwa amesimama hatua chache tu. Mikono yake yote miwili ilitaka kwenda. Akaipeleka nyuma ya mgongo, akaishikisha yenyewe kwa yenyewe, akaikaza, na machozi yakamlenga kwa ajili ya kamba ya zambarau tu. Kamba ikapita. Kitanzi kikaingia kwenye mkanda. Twalib akabandua kifuniko kwa kidole gumba, kikatoa sauti kali, kraa, akachomoa filimbi, mkoba ukabaki pale pale kiunoni. Akairudisha. Akachukua fimbo.

"Usije nyuma yangu," akasema.

"Nije kufanya nini? Nina nguo za kufua."

Hakufua hata kitambaa. Aliuacha mlango wazi, akakaa akiuelekea, na kila alipopita mtu njiani akiongea kwa sauti, Chausiku alidhani anakuja kumwambia Mzee Twalib kaanguka. Alasiri ikaenda. Jua likashuka kwenye mapaa ya mafundi, randa na misumeno vikanyamaza kimoja kimoja. Mara mbili aliinuka achungulie, na mara mbili akakaa. Marselino hakai mbali. Mtu mwenye fimbo anatembea taratibu. Wanaongea sana wale wazee. Alijipa sababu zote hizo, na moyo haukutulia hata kwa moja.

Magharibi ilikuwa bado kidogo aliposikia, kutoka kwenye kona ya duka la mkaa, kraa.

Akatega sikio. Kukawa kimya, na kimya hicho Chausiku alikifahamu chote: fimbo inaegemezwa pajani, mkono umekuwa huru, vidole vitatu vinatafuta matundu. Kisha filimbi ikalia. Fupi. Fupi. Ile ndefu ikakatika katikati, ikanyamaza, ikaanza upya, safari hii ikafika mwisho.

Chausiku akainuka mbio. Mlango ulikuwa wazi tangu alasiri. Akaufunga, akatia komeo, akasimama nyuma yake, mkono juu ya komeo, akimsubiri mumewe afike ili amfungulie.