Vikaratasi vya Honorata

Kila Jumamosi ya kuamkia ubatizo, Honorata alikaa kwenye meza ya ofisi ya parokia, pale Rusimbi, akakata karatasi ngumu vipande vidogo, akaandika majina ya watoto kwa kalamu nzito, na kusonya. Kuandika ndiyo kazi aliyopewa. Kusonya aliongeza mwenyewe, na kwa miaka thelathini hakuna paroko aliyeweza kumwachisha.

Kazi yenyewe haikuwa na ugumu. Watoto wakifika thelathini au arobaini, padre hawezi kukumbuka nani ni nani. Kwa hiyo kila mmoja hubandikwa jina lake kifuani kwa pini, padre akasoma, akamwaga maji, akasogea kwa anayefuata. Kilichoandikwa ndicho kinachobatizwa.

"Prinsesi," alisoma siku hiyo kwenye orodha, akamgeukia katekista Bonifasi aliyekuwa akipanga mishumaa. "Binti mfalme wa wapi huyu? Baba yake si yule anayeziba pancha pale njia panda?"

"Andika tu, mama."

"Naandika. Nani kakwambia siandiki? Na huyu Braitoni, ni mtu au ni sabuni ya unga?"

Bonifasi alijifanya hasikii. Alikuwa amezoea. Honorata akaendelea kuandika, midomo ameibetua, mwandiko wake mzuri kuliko wa mtu yeyote parokiani, kila herufi imesimama wima hata pale jina lenyewe alipoliona halistahili wino.

Enzi zao, kwa jinsi alivyoona yeye, watu walikuwa na adabu. Mtoto akizaliwa, baba anafungua kalenda ya watakatifu. Siku ikisema Telesfori, anakuwa Telesfori. Ikisema Perpetua, anakuwa Perpetua, apende asipende, na maisha yanaendelea. Wakapatikana watu wazima wenye majina ya watu wazima, akina Bonaventura, akina Leokadia, akina Adolf. Leo mama analala kitandani na simu, anatelezesha kidole, jina likimpendeza anamvisha mtoto kama anavyomvisha soksi. Mwalimu wa darasa la kwanza akiita Jeideni wanasimama wanne, na hakuna hata mmoja anayejua Jeideni wa kwanza alikuwa nani wala alifia nini. Honorata aliwadharau wazazi hao kwa moyo wote, na hakuona haja ya kulificha hilo.

Karibu na mwisho wa orodha palikuwa na jina Jevini, mtoto wa Samson na Frida. Hapo kalamu ilisimama.

Samson alikuwa kitinda mimba wa kaka wa Honorata, mzee Castory wa Kalinzi. Castory alikuwa na wajukuu tisa, na kati ya hao tisa hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake. Kulikuwa na Gifti, kulikuwa na Meshi, kulikuwa na mmoja anayeitwa Lusiana ambaye ni wa kiume. Sasa mzee mwenyewe miguu ilikuwa imevimba, hajatoka kitandani tangu Pasaka, na mtoto huyu ndiye wa mwisho. Akipita na yeye, Castory angekwenda kaburini na jina lake lingezikwa naye. Wazo hilo lilimnyima Honorata usingizi, kwa sababu alimpenda kaka yake kuliko alivyowahi kumpenda mtu mwingine yeyote.

Alikuwa amekwenda kuwaambia Samson na Frida wampe mtoto jina hilo, wiki mbili kabla. Samson alichukua simu, akaandika, akaanza kucheka.

"Shangazi, hapa wanasema Castory ni mnyama wa Ulaya. Anaishi majini, ana meno marefu."

"Na humo ndani wanasema wewe ni nani?" Honorata alimuuliza.

Frida alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha. Mwanamke mkimya, mzaliwa wa Mwamgongo, anayeanika dagaa pale mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Hakucheka. Alisema tu, "Jina lake lipo tayari, shangazi."

Honorata hakuuliza limetoka wapi. Alijua. Limetoka kwenye simu, litoke wapi tena.

Basi Jumamosi hiyo alitazama kikaratasi kitupu kwa muda, akasonya tena, akaandika CASTORY.

Jumapili padre alifika kwa Frida akiwa amechoka, wa ishirini na saba kati ya thelathini na mmoja. Akainama, akasoma kifuani kwa mtoto, akasema, "Castory, nakubatiza," na maji yakamwagika. Samson alibaki mdomo wazi. Frida aliinua uso na kumtafuta Honorata katikati ya watu, akampata, akamtazama bila kupepesa mpaka padre alipomaliza mstari mzima.

Nje ya kanisa, watu wakipiga picha, Frida alichomoa pini, akamrudishia kile kikaratasi mkononi.

"Ungeniuliza, shangazi," alisema. Akambeba mtoto wake akaondoka, na Samson akamfuata bila kuaga.

Honorata hakuona aibu. Aliona kwamba wamenuna, na kununa kwa watu wa namna hiyo hakudumu, kesho wataona kitu kingine kwenye simu. Akakitia kikaratasi kwenye mkoba pamoja na pini zake. Daftari kubwa la ubatizo bado lilikuwa halijajazwa, angelijaza Jumanne. Jumatatu asubuhi alikodi bodaboda kwenda Kalinzi kumpelekea kaka yake habari.

Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akiyapanga maneno yake. Alimkuta Castory amelala chumba cha mbele, dirisha limefunguliwa ili aone mibuni yake, blanketi limefunika miguu.

"Mwakeye," alisalimia Honorata kwa Kiha.

"Mwakeye. Umekuja na mwendo wa mtu aliyeshinda kesi."

"Nimeshinda." Akavuta kigoda, akakaa. "Mtoto wa Samson amebatizwa jana. Anaitwa Castory."

Alingoja. Alikuwa ameona kichwani mwake jinsi mzee atakavyolia, na alikuwa ameandaa leso. Castory alitazama dirishani, kisha akamtazama yeye, na uso wake ukajikunja kama wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Samson amekubali?"

"Nimeandika mwenyewe kikaratasi."

"Nani alikutuma?"

"Kaka, nimekuokolea jina."

"Jina." Alilitema. "Miaka sabini na minne nalibeba lile jina kama gunia la mtu mwingine. Mzungu mmoja alikufa huko kwao, baba akalikuta kwenye kalenda, akanibandika. Simjui. Hanijui. Nawe umekwenda kumbebesha mtoto mchanga, tena kwa wizi, ukaja kwangu unataka nikushukuru."

Honorata alihisi masikio yakiwaka moto. Hakuwahi kusemeshwa hivyo na kaka yake. "Sasa wewe ulitaka uitwe nani? Jeideni?"

"Nilikuwa na jina. Mama aliniita Chiza."

Mtu yeyote wa Kalinzi anajua Chiza ni nani. Ni mtoto anayefuata mapacha. Hapewi jina hilo kwa kupendeza, hulikuta linamngoja. Honorata alifungua mdomo kusema kwamba kwao hapakuwahi kuwa na mapacha, kisha akaufunga.

"Walikuwepo," alisema Castory. "Bukuru na Butoyi. Waliishi miezi mitano, wakafa ndani ya wiki moja. Wako pale nyuma, chini ya mibuni ya zamani. Walikufa hawajabatizwa, na baba katekista, basi ikawa aibu, wasitajwe. Mama alikuwa akiniita Chiza tukiwa shambani, baba hayupo. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kuwataja wanawe. Siku nililitamka mezani nilichapwa mpaka nikajikojolea."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe hujui kuuliza, unajua kuandika. Miaka thelathini unacheka majina ya watoto wa watu pale kanisani, habari zako zinafika mpaka huku. Hujawahi hata siku moja kujiuliza mama yako mwenyewe alikuita nani."

Mama yao alifariki Honorata akiwa na miaka minne. Alichokumbuka ni kanga yenye harufu ya moshi na sauti isiyo na maneno. Alikuwa amejaza madaftari manne ya majina ya watu, na hilo moja hakuwahi kuona kwamba limekosekana, kwa sababu hakujua lilikuwepo. Alijidharau wakati ule, kwa dharau ileile aliyozoea kuwapa wengine, na aligundua kwamba inauma.

"Aliniita nani?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mtoto anayemfuata Chiza anaitwaje?"

Alijua. Kila mtu anajua. "Misago."

"Basi. Ulikuwa ukilia ukisikia jina hilo mpaka akunyonyeshe." Castory aliuelekeza mkono kwenye mkoba. "Vikaratasi vyako umekuja navyo?"

Alikuwa navyo, hatembei bila hivyo. Kaka yake akamwambia aandike viwili. Cha kwanza CHIZA, akiweke, siku ikifika wakiweke kwenye msalaba wa kaburi lake, na la kalenda liandikwe chini yake kwa herufi ndogo. Cha pili akamwamuru akibandike mahali anapowabandikia watoto wa wenzake. Honorata alibandika MISAGO kifuani mwake, pini ikamchoma kidole kwa sababu hakuwahi kujibandika mwenyewe.

"Sasa shuka," alisema mzee, akifumba macho. "Mtoto wa watu kamrudishie jina lake."

Alishuka mchana uleule, na hakusimama nyumbani. Kibirizi jua lilikuwa kali na dagaa zimeanikwa mwalo mzima. Frida alikuwa ameinama akizigeuza, mtoto mgongoni. Alipoiona miguu ya shangazi aliinuka, akajifuta mikono, akaamkia kwa sababu alilelewa vizuri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema Honorata. "Daftari bado sijalijaza. Nitakwenda kwa paroko nimweleze nilichofanya. Lakini kwanza nimekuja kukuuliza. Jina la mtoto mmelitoa wapi?"

Frida alimtazama kwa muda, akipima kama kuna dhihaka ndani ya swali hilo.

"Uchungu ulinishika nikiwa nyumbani Mwamgongo," alisema mwishowe. "Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ya pili, wenye boti wote wamekataa. Aliyekubali alikuwa mmoja tu. Alituleta mpaka hapa uliposimama, maji yanaingia, akanibeba mgongoni hadi kwenye bajaji. Hakutaka hata kuaga. Nilimuuliza jina lake tu, akaniambia Jevini."

Honorata aligeuka akalitazama ziwa, maana hakutaka kutazamwa usoni. Mama yake angempa mtoto jina kwa njia hiyohiyo, bila kufungua kalenda ya mtu.

Alitoa kikaratasi na kalamu. "Nitajie taratibu," alisema. "Sitaki kukosea."

Frida alitaja, na yeye akaandika, akiwa amesimama, kwa mwandiko wake ule mzuri. Alipomkabidhi, Frida hakukitazama kwanza. Alikuwa akisoma kifuani mwa shangazi, pale kwenye pini.

"Misago ni nani?"

"Ni mimi," alisema Honorata. "Nimeambiwa leo."