Kifuko cha Tochi ya Selina

Tochi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kidole cha kati. Ya betri moja, ganda la alumini lililopakwa rangi nyeusi, zile zinazopangwa kwenye meza za wachuuzi kati ya nyembe na kamba za viatu. Ukiiokota njiani usingejisumbua kumtafuta mwenyewe. Lakini Mzee Pius wa Butimba aliilea kuliko wengine wanavyolea watoto, na majirani, ambao hawakosi la kusema, walisema uzee umeanza kumwingia kwa mlango wa nyuma.

Hawakujua. Kwenye kitako cha tochi ile rangi ilikuwa imebanduka na alumini imebonyea, vidoa vidogo vya kung'aa juu na chini. Zilikuwa alama za meno ya marehemu mkewe, Selina. Kwa miaka kumi na mmoja Selina alinunua dagaa mwaloni, kwenye soko la ufukweni, alfajiri, mitumbwi ikirudi kutoka ziwani, na mwanamke wa dagaa hana mkono wa kushika tochi. Mkono mmoja unashika beseni, wa pili unafukua mpaka chini kuangalia kama wenye mtumbwi hawakuchanganya dagaa wa jana na wa leo. Tochi hukaa mdomoni. Huumwa kitako, kidevu kikaelekezwa kwenye beseni, na kazi ikaendelea. Wote hufanya hivyo, na hakuna anayeona ajabu.

Selina alikuwa na mwanya. Mwanya hasa, ule uliomfanya Pius wa enzi zile aanze kumsalimia na kusahau salamu katikati. Ila kwenye picha Selina alifumba mdomo. Picha ya harusi, picha ya kitambulisho, picha ya kwaya: midomo imebanwa kama mtu anayesubiri sindano. Picha ni jambo la heshima, alikuwa akisema, si la kuchekacheka. Basi alipofariki mwaka jana kwa maradhi ya figo, mwanya wake haukubaki popote duniani isipokuwa kwenye kitako cha tochi. Kibonyeo, nafasi, kibonyeo. Pius alikuwa akitembea huku kidole gumba kimezama mfukoni kikipapasa pale, na siku ikaenda.

Siku zilikuwa nyingi na ndefu. Alikuwa amestaafu utunzaji wa stoo chuoni, na nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kimya. Binti yao Hellen aliishi Geita. Zamani alisingizia foleni ya kivuko cha Busisi; sasa daraja limekwisha kujengwa, gari linavuka kabla hujamaliza kutafuna karanga za mkononi, na Hellen alichobadilisha ni kisingizio tu. Alipiga simu Jumapili. Akiuliza, "Baba, umekula?" Pius hujibu amekula, hata kama sufuria lilikuwa halijaguswa tangu Ijumaa.

Ila kitu kinachoshikwa sana huisha, na huo ndio ugonjwa uliomwanza Pius. Siku moja aliona mfuko wa suruali, wenye funguo na vishilingi, umeanza kuchora mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani. Akahamisha funguo mfuko wa pili. Akaivisha tochi soksi ya mtoto, soksi ikatoboka. Akaivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, ikakaa vizuri wiki mbili. Alipoivua akakuta vumbi limejipenyeza ndani na kusaga ganda kama msasa. Betri aliitoa akaiweka kando, maana betri ikivuja hula chuma. Kuiacha nyumbani kabatini hakuweza. Alijaribu siku moja, akafika sokoni, akarudi mikono mitupu kwa kuwa kidole gumba hakikuwa na pa kwenda.

Ndipo akaambiwa habari za Muhidin wa Mabatini.

Muhidin alikuwa fundi wa ngozi, mtoto wa fundi wa ngozi. Baba yake alishona ala za visu, yeye akashona vifuko vya simu, vya miwani na, kwa walinzi na mafundi umeme, vifuko vya tochi. Aliigeuza tochi ya Pius kiganjani kama daktari.

"Shikamoo mzee wangu. Nakushonea ngozi ya ng'ombe kwa nje, ndani naweka kitambaa cha manyoya laini. Ngozi tupu hushika mchanga, ikaanza kukwaruza yenyewe. Mdomo nauwekea kifungo, na kitanzi cha mkanda, isikae mfukoni kabisa."

"Marahaba. Hapo umesema, fundi."

"Ina kitu cha pekee? Naona umeishika kama yai."

Pius alifungua mdomo. Hapo ndipo angesema. Lakini atasemaje? Msukuma wa miaka sitini na nane, asimame barazani mwa watu, mchana kweupe, amweleze mwanamume mwenzake habari za meno ya mke wake? Alitazama cherehani. Alitazama barabara.

"Ni tochi tu," akasema.

Aliiacha pale siku tatu, na siku hizo tatu hakulala vizuri.

Muhidin alimpokea kwa tabasamu. Kifuko kilikuwa kizuri, hilo Pius asingeweza kulikana: ngozi ya kahawia, mshono wa uzi wa nta ulionyooka, kifungo kinachoitika kwa sauti ndogo. Pius akakifungua na kuitoa tochi. Ilikuwa nyeusi tii toka kichwani hadi kitakoni, laini, inang'aa kama kiatu cha askari.

"Marehemu mzee wangu alinifunza," Muhidin alisema, "kitu hakivishwi nguo mpya kikiwa kichafu. Mtoto huoshwa kwanza. Ilikuwa imeliwaliwa huku nyuma, sijui panya! Nimeipiga msasa, nikaijaza pale palipobonyea, nikaipulizia rangi. Hiyo kazi ya msasa ni zawadi yangu, mzee."

Kidole gumba cha Pius kilipita kitakoni mara ya kwanza, kikapita mara ya pili. Kiliteleza. Alitaka kumpigia kelele mtu yule, akataka kuchukua kifuko akitupe mtaroni. Lakini fundi alikuwa anamtazama kwa furaha ya mtu aliyetenda wema, na kosa lake lilikuwa lipi? Aliuliza. Alijibiwa.

"Ahsante," Pius alisema. "Umefanya kazi nzuri."

Njia nzima mpaka Butimba hakuingiza mkono mfukoni.

Nyumbani aliketi kitandani, upande wa Selina, akaipandisha tochi mdomoni. Aliiuma. Ilikuwa na ladha ya rangi. Aliitoa, akatazama: meno yake, yaliyobaki, hayakuacha hata alama. Alilia hapo, kilio cha mtu mzima, kibaya, kisicho na mpangilio, na hapakuwa na wa kumwambia nyamaza.

Na alipomaliza kulia likamjia lile ambalo kwa mwaka mzima kidole gumba kilikuwa kikilifunika. Selina hakuzaliwa akipenda kuuma chuma. Mwanzoni kabisa, alipoanza biashara, alimwomba. "Baba Hellen, twende wote leo unimulikie. Nusu saa tu, kisha uende kazini." Pius akacheka. Mtunza stoo wa chuo, mwenye kalamu mbili mfukoni, akasimame na wanawake wa dagaa kushika tochi? Watu watasemaje? Selina aliomba tena mwaka ule alipokuwa na jino bovu, shavu limevimba. Pius akamwambia akang'oe jino. Baada ya hapo Selina hakuomba tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Pius mjukuu alikuwa hajampata, lakini hayo mengine yalimfikia mapema.

Yale meno aliyokuwa akiyalinda kwa soksi na tyubu na ngozi ya ng'ombe, kila moja lilikuwa alfajiri moja ambayo yeye alikuwa amejifunika shuka.

Kesho yake aliamka jogoo wa kwanza akiwika. Alirudisha betri ndani ya tochi, akavaa koti, akateremka mwaloni. Katika miaka yote ile hakuwahi kufika pale saa kumi na moja. Mitumbwi ilikuwa imeanza kuvutwa mchangani, harufu ya dagaa wabichi na mafuta ya taa imejaa, wanawake wameinama kwenye mabeseni, kila mmoja na kimwanga kikimtoka mdomoni. Alisimama kando kama mgeni aliyekosea msiba. Kisha akamtambua Rebeka, aliyekuwa akinunua bega kwa bega na Selina, na ambaye alibeba shada siku ya mazishi.

Akasogea, akaiwasha tochi, akamulika beseni la Rebeka.

Rebeka aliinua uso, tochi yake mdomoni, akamkodolea macho. Kisha akaitoa, akaifuta kwenye kanga, akaitia kifuani.

"Shemeji," alisema. "Kulikoni?"

"Nakumulikia."

Rebeka aliinama, akazamisha mkono, akafukua. Pius alifuata mkono ule kwa mwanga, kushoto, kulia, chini, na akagundua kuwa si kazi ndogo. Bega lilianza kuuma kabla ya beseni la tatu. Alivumilia. Mwishowe akauliza.

"Rebeka. Selina alikuwa anasema nini hapa? Mkiwa kazini. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Rebeka aliendelea kuchambua. Alitupa kando dagaa waliolegea, akapangusa mikono, akamtazama mzee yule aliyeshika tochi kwa mikono miwili.

"Angesemaje, shemeji?" alisema kwa upole. "Si alikuwa na tochi mdomoni."

Pius akaitikia kwa kichwa. Beseni lingine likasogezwa mbele yake, akalimulika. Kukapambazuka, jua likapanda juu ya mawe, kila mwanamke akazima tochi yake na kuanza kupakia. Yeye bado alikuwa amesimama palepale, mkono umenyooka, anamulika mchanga, na kifuko kipya kimening'inia mkandani, kitupu.