Fisi Analifanyia Kazi

Saa tatu asubuhi Shangazi Ngano alikuwa ameshatandika mikeka ya ukumbi na kuchota ndoo ya maji kwa jirani, maana bomba la ukumbi lilikuwa limekauka tangu mwaka jana. Wazazi wakaanza kuingia na watoto wao. Msimamizi wa ukumbi naye akaingia, daftari kwapani. Mtu asiye na mtoto, ngano za watoto zamhusu nini? Shangazi akajua kuna jambo.

Akaitwa pembeni.

"Mama, huyo fisi wako ni nani?"

"Fisi ni fisi, bwana."

"Usinichezee. Wanyama wakimwomba maji, anajibu nini?"

Shangazi alilijua jibu. Kila Jumamosi, katika ngano zake, wanyama humwendea Fisi, mkuu wa kisima, na Fisi hujikohoza na kusema, "Tunalifanyia kazi." Alilitia neno hilo kwa utani tu, watoto wakalinasa. Siku hizi wakitumwa kuosha vyombo huwajibu mama zao hivyo hivyo.

"Nimeletewa habari," msimamizi akasema. "Leo nisilisikie. Nikilisikia tu, hukanyagi tena hapa; ukumbi huu utausikia kwenye bomba."

Bomba lipi? Shangazi alitaka kuuliza, akajizuia. Jumamosi hizi ndizo kazi yake pekee, na hana ukumbi mwingine.

Lakini nani amepeleka habari? Akawatazama mmoja mmoja. Mama wa mapacha, ambaye kwa kawaida hucheka kuliko wote, leo alikuwa amekazana kufunga vifungo vya mtoto vilivyokwisha kufungwa. Au yule babu wa miwani, anayekaa karibu na mlango kila wiki? Inauma kuwashuku watu unaowachekesha. Akawashuku hata hivyo.

"Masikio yamefika?" akaita.

"Yamefika, yamekaa!" watoto wakaitikia.

Akasimulia kwa tahadhari, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Wanyama wakafika kisimani. Kobe akasema, "Mkuu, watoto wetu wana kiu." Shangazi akatupa jicho nyuma ya ukumbi, alikoketi msimamizi. Kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari.

"Fisi akawatazama," akasema, "akanyamaza."

Watoto wakasubiri. "Mbona hasemi?" pacha mmoja akauliza.

Babu wa miwani akanyoosha mkono, akageuka nyuma. "Samahani, bwana msimamizi. Hii kiu imenikumbusha. Lile bomba letu vipi?"

Msimamizi akasimama, akajikohoza, na mdomo ukamtangulia.

"Tunalifanyia kazi."

Ukumbi mzima ukalipuka. Watoto waligaagaa mikekani wakipiga kelele, "Fisi! Fisi!" Mama wa mapacha alicheka mpaka akafuta machozi, na Shangazi akaona haya kwa kumshuku, ingawa bado hakuwa na hakika. Naye alicheka, kaziba mdomo kwa leso, huku akijua amekwisha. Msimamizi aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akatoka.

Watu walipotawanyika, Shangazi alikuwa akikunja mikeka, mara akaingia fundi na boksi la vifaa, jasho linamtiririka.

"Karibu, baba! Bomba liko huku nyuma."

"Bomba?" Fundi akashangaa. "Mimi nimeitwa mbio mbio kubadilisha kitasa, mama. Wamesema kiwe tayari leo leo."

Shangazi akamchotea kikombe cha maji ya jirani, akakaa kumtazama akifungua skrubu.