Kamba Iliyopanda

Chafya ilimjia akiwa ameshika shuka la maji mikononi. Unga wa sabuni ulikuwa umeruka kutoka kwenye ndoo ya jirani ukamwingia puani, na Mrefu akasimama palepale katikati ya chumba cha kufulia, mdomo wazi, macho yamejaa machozi, akiisihi ile chafya irudi ilikotoka. Akabana pua kwa bega. Akakandamiza ulimi kwenye kaakaa. Wenzake huogopa nyoka na wezi. Yeye siku hizi aliogopa chafya.

Ya mwisho ilimpata nyumbani, anachambua maharage. Alipiga moja tu, ya kawaida, na kitu mgongoni kikalia ka! kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Hakuweza hata kumwita binti yake aliyekuwa uani. Baada ya hapo alikuja kazini amejifunga kitambaa kiunoni chini ya sare, amekikaza kama mzigo wa kuni, na alipoulizwa mbona anatembea kama aliyemeza mwiko, alisema amelala vibaya. Akawa analala vibaya mwezi mzima. Hakuna aliyeuliza tena.

Safari hii chafya ilirudi. Alishusha pumzi kidogokidogo.

"Unaomba dua au unafua?" Kicheko alimwuliza kutoka upande wa pili wa shuka. "Shika ncha yako, dada, mikono inaganda."

Kicheko ndiye aliyekuwa mwenzake wa kukamua. Katika dobi ya hospitali ile shuka moja lilikuwa la watu wawili: huyu anashika ncha hii, yule ile, kila mmoja anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Mashine ya kufulia ilikuwepo, kubwa, imekaa pembeni kama bibi harusi. Ilikufa zamani. Fundi alikuja, akaigonga ubavuni, akasema atarudi, na tangu hapo walianika matambara ya kudekia juu yake. Mrefu alisokota kwa viganja tu, mgongo hakuuthubutu, na Kicheko akasokota sehemu yake na ya mwenzake bila kusema neno. Kwa mtu asiyefunga mdomo hata akila, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Kisha wakatoka nje kuanika, na huko ndiko kulikokuwa na aibu yake.

Jina la Mrefu hakujipa mwenyewe. Alipoajiriwa, msichana wa shingo ndefu, yeye peke yake ndiye hakuhitaji kigoda kuifikia kamba; wafupi walimpa mashuka yao na yeye akawaanikia huku akiwatania kwamba Mungu aliwakata kabla hawajaiva. Sasa kamba ilikuwa juu. Alisimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono, na shuka likamwangukia usoni. Alikuwa ameficha tofali nyuma ya nguzo, na alilipanda pale tu alipojua hakuna anayemtazama.

Mwanzoni alimshuku mtunza bustani.

"Baba, kamba umeipandisha kwa nini?"

"Kamba gani?"

"Usinifanye mtoto. Hizi nguzo umeziinua."

"Mama, hata nguzo ya nyumba yangu imenishinda kuinua, itakuwa hizi za serikali?"

Akaapa kwa kaburi la mamake, na dobi nzima ikacheka mpaka wauguzi wakachungulia madirishani. Kuanzia siku hiyo, sukari ikipanda bei, walisema imefuata kamba ya Mrefu. Alicheka nao. Lakini nyumbani binti yake alikuwa akipandisha pindo la sare kwa mara nyingine.

"Mama, hili gauni linakua?"

"Maji ya moto hayo. Yanavuta kitambaa."

Binti alikata uzi kwa meno, akamtazama, akatunga mwingine. Mrefu naye akageukia wajukuu. Chungu cha nyumba ile kiliinjikwa kwa mikono yake, na kila mtu mle ndani alijua, hata yule mdogo aliyekuwa hajui kusema.

Ndiyo maana alificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wahenga hawakumjua msimamizi wa dobi. Kulikuwa na mwenzao waliyemwita Mama Blanketi. Aliteleza kwenye maji ya sabuni, anguko la kitoto ambalo mtu angeinuka akajicheka, na kifundo cha mkono kikavunjika vipande. Msimamizi alimhurumia mbele ya wote. Akamshika bega. "Pumzika, mama. Afya kwanza." Mama Blanketi akapumzika. Mpaka leo anapumzika, na aproni yake anaivaa msichana mwingine.

Walikuwa watu wa mkataba wa muda. Ulipokaribia kuisha, msimamizi aliweka kapu la nguo zilizolowa sakafuni, na kila mwanamke, peke yake, alilinyanyua mpaka juu ya meza ya saruji. Aliyelifikisha alibaki. Hakuna aliyejua nani alianzisha mtindo huo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mwaka huu zamu ya kapu iliangukia mwisho wa juma lilelile ambalo hospitali ilisimamisha turubai uwanjani na kutangaza Wiki ya Mifupa.

Wageni walikuwa wengi kuliko wagonjwa waliokuja kuwasikiliza. Viti vilionekana vitupu, na vitupu havipendezi kwenye picha, basi msimamizi akaja mbio kuwatoa wanawake wa dobi.

"Vueni aproni. Kaeni mbele. Watu wakipiga makofi nanyi pigeni."

Wakakaa, vidole vimekunjamana kwa maji. Bango refu la turubai lilining'inia juu ya jukwaa: MIFUPA IMARA, UZEE WENYE FURAHA. Lilichorwa bibi mwenye meno yote amembeba mjukuu juu ya kichwa. Mgeni rasmi alisema kinga ni bora kuliko tiba. Alisema wanywe maziwa, waote jua la asubuhi, watembee, waache sigara, wakunje magoti wakiokota kitu. Kuhusu mashuka ya maji hakusema kitu. Walipiga makofi.

Kisha ukaja upimaji. Mrefu aliinuka taratibu, akielekea upande wa choo, lakini msimamizi alikuwa amesimama njiani.

"Wote mnapimwa. Wanataka idadi."

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya upole, na upole ule ulimwogopesha Mrefu kuliko kelele. Alimsimamisha kwenye mti wa kupimia akampima kimo.

"Zamani ulikuwa na urefu gani, mama?"

"Huuhuu."

"Huuhuu!" Kicheko akadakia nyuma yake, akicheka. "Daktari, huyu tulimwita Mrefu! Alikuwa anaanika bila kigoda. Sasa anatuambia kamba imepanda!"

Alisema kwa mapenzi. Mrefu alitamani ardhi impasukie. Daktari hakucheka. Alimketisha, akaingiza kisigino chake kwenye kifaa kidogo cha kupima mifupa, kilichopakwa utelezi wa baridi, akasubiri, akarudia. Halafu akapitisha vidole mgongoni mwake, pingili moja baada ya nyingine, na alipofika mahali pa ile chafya Mrefu akauma mdomo.

"Hapa paliuma lini?"

"Nililala vibaya."

Daktari akavuta kiti karibu. "Mama, kamba haikupanda. Pingili zako zimebonyea. Hedhi ikikoma mifupa huanza kupungua, wengine kwa kasi sana. Kwa nje mfupa ni uleule, ndani umekuwa kama mkate, matundu matupu. Nahisi umeshavunjika hapa bila kujua. Tungepiga picha tukaona vizuri."

"Unapona?"

"Kuna dawa za kuuzuia mfupa usizidi kupungua. Lakini hapa kwetu bado hazijaletwa. Leo tumekuja kutoa elimu." Aliinamisha macho kidogo. "Ungekuja mapema."

"Ningekuja wapi, mwanangu? Mimi nipo hapahapa kila siku."

Daktari alishika mkono wake wenye magamba ya sabuni. "Nisikilize basi. Usinyanyue kitu kizito kutoka chini. Usiiname na mzigo, usijipinde. Kitu kidogo tu kinaweza kukuvunja, na ikiwa nyonga au mgongo, huenda usisimame tena. Waambie wakubadilishie kazi. Unafanya kazi gani?"

Mrefu aligeuza shingo. Msimamizi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anachagua fulana za bure za saizi yake.

"Nakunja nguo," alisema. "Nguo kavu."

Alipotoka alikanyaga nyasi kwa uangalifu, kila jiwe sasa ni adui, kila kamba ya turubai ni mtego. Alipita humuhumu asubuhi bila kufikiri. Mwili wake ulikuwa umegeuka kitu kigeni alichopewa akibebe, na akikiangusha hakuna kingine.

"Daktari amesemaje?" msimamizi alimwuliza.

"Amesema ninywe maziwa, bosi."

"Umekaa naye sana kwa habari ya maziwa." Alitabasamu. "Kama kuna tatizo sema, Mrefu. Hatutaki mtu aumie humu ndani. Mtu akichoka anapumzika."

"Sijachoka."

"Vizuri. Maana kesho ni kapu."

Usiku ule hakupata usingizi. Alilala chali akiogopa kugeuka, akamsikia binti yake naye hajalala upande wa pili wa pazia.

Asubuhi turubai lilikuwa limeng'olewa na uwanja umejaa chupa. Vitu vya sherehe vilikuwa vimeletwa dobi vifuliwe: vitambaa vya viti, mapazia ya jukwaa, na lile bango, lililochafuka tope upepo ulipoliangusha. Walikuwa wameshalilowesha tangu alfajiri. Sasa lilikuwa sakafuni, limekunjwa, linavuja maji pande zote.

Msimamizi alilitazama, akalisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Leo hatuhitaji kapu," alisema. "Kapu ndilo hili."

Wanawake wakatazamana. Msichana aliyevaa aproni ya Mama Blanketi alikuwa wa kwanza. Alilinyanyua kwa shida, akalitupa mezani likalia pwaa, maji yakawarukia wote. Wakalishusha. Akafuata mwingine. Kicheko alilifikisha uso umemvimba, akageuka akihema.

"Bosi, hili ni la watu wawili. Hata shuka tunakamua wawili."

"Kila mtu peke yake. Mimi sipendelei mtu hapa, wote haki sawa." Akaangalia saa. "Mrefu."

Kicheko alisogea, akamshika kiwiko. Kicheko chake chote kilikuwa kimekauka. "Mwambie, dada," alinong'ona. "Mwambie alichosema daktari."

"Nimwambie anipe mapumziko?"

Kicheko akamwachia mkono.

Mrefu alisogea mpaka lilipokuwa bango. Alisimama mguu huku na mguu huku. Chumba kilinuka dawa ya madoa, na puani mwake, taratibu, unga wa sabuni ukaanza kumtekenya. Aliogopa. Aliiona nyonga aliyotajiwa, akauona mlango wa nyumba yake na yeye akipitishwa amelala, na wajukuu wakisogea pembeni wapishe.

Akashuka. Mikono ikazama kwenye turubai la baridi, ikatafuta pa kushika, ikashika usoni mwa yule bibi mwenye meno yote.

"Magoti, Mrefu," msimamizi alisema kwa upole. "Kunja magoti, mgongo uwe wima. Si mlifundishwa jana?"

Mrefu alibana pua kwa bega, akazuia pumzi, akaanza kuinuka. Wanawake wote walitega masikio kwenye mgongo wake, wakingoja kama utalia ka!